Mita Thelathini za Foel Gadlas

Mvua ya Wales haina haraka. Hainyeshi ikaisha, inakaa hewani tu, kama mgeni aliyekwisha kula na haondoki. Asubuhi ile ilikuwa imeukalia ua wa shamba la Blaen Gadlas hata kabla Hefin hajazima injini. Paa la zizi lilikuwa linatiririka, na mbwa wa shamba walibweka kidogo kwa kutimiza wajibu wakarudi kulala.

Hefin alishuka kwanza akafungua buti. Alitoa mashine mbili za kupimia kwa setilaiti, moja yake mwenyewe na nyingine ya kuazima kwenye chama chao cha wapanda milima, akatoa na stendi zake za miguu mitatu, akaangalia betri ingawa alikuwa amekwisha kuziangalia nyumbani. Chini ya koti lake la akiba kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwa taulo, akakisukuma ndani kabisa ya begi. Ilikuwa bara brith, ule mkate mtamu wa zabibu kavu. Mkewe aliupika makusudi kwa siku hii, na Hefin hakutaka uonekane kabla ya wakati wake, maana wakati wenyewe huenda usifike.

Goronwy alikuwa bado ndani ya gari, ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu.

“Utashuka, au nikuletee chai humo humo, bibi harusi?” Hefin akamuuliza.

“Ngoja kwanza. Umeegesha juu ya mavi ya kondoo makusudi.”

“Nchi hii yote ni mavi ya kondoo, bwana. Wewe chagua tu pa kukanyaga.”

Goronwy alitoa mguu mmoja, akaupumzisha, akatoa wa pili. Alikuwa mtu wa mwili, mabega mapana na viganja kama sepetu. Maisha yake yote alikuwa muuza nyama mjini, na kusimama nyuma ya meza ya nyama miaka yote hiyo kulimmaliza magoti. Goti moja lilikuwa limepasuliwa na kutiwa chuma. La pili lilikuwa linangoja zamu yake, na foleni ya hospitali haikuwa inasogea.

Hefin alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, mwembamba, mwalimu wa useremala aliyestaafu. Walijuana mlimani, ndani ya ukungu, siku walipokutana wasiojuana na kuanza kubishana papo hapo ni nundu ipi kati ya mbili iliyo juu zaidi. Hawajaacha kubishana hadi leo. Ubishi huo ndio uliowafikisha kununua mashine, kwani macho ya mtu hupendelea nundu aliyosimama mwenyewe.

Sheria ya watu wa aina yao ni moja. Mlima ukifika futi elfu mbili, na kilele chake kikainuka angalau mita thelathini juu ya shingo la ardhi linaloushika na mlima wa jirani, basi ni mlima, unaingia katika orodha. Usipofikisha hizo thelathini ni kichuguu cha jirani yake, hata uwe na jina na wimbo. Watu wazima, wengine babu za watu, hutumia nusu ya maisha yao kuipanda milima yote ya orodha hiyo, na kila mmoja huuacha mmoja wa mwisho, apande na rafiki zake, wale keki juu kwenye upepo, wapige picha, washuke wakiwa wamelewa kidogo. Ukiwauliza faida yake watakutazama kama uliyetukana.

Goronwy alibakiza mmoja tu, na ndio huu, Foel Gadlas.

Aliuacha makusudi. Eluned, mkewe, alizaliwa ndani ya ua huu huu walioegesha gari, na utotoni aliupanda Foel Gadlas kila majira akifuata kondoo wa baba yake. Orodha waliipanda pamoja, mume na mke, Jumamosi kwa Jumamosi. Walipotoka Craig Lwydan, mlima wao wa mwisho wa pamoja, Eluned alisema: “Mimi nimemaliza, mzee. Huu wa nyumbani ninao tangu sina meno. Sasa nakungoja wewe tu.” Ilikuwa mwezi wa tisa. Goti likavimba, Goronwy akasema mwaka ujao. Mwaka ujao likaja kupasuliwa, akasema tena mwaka ujao. Eluned hakulalamika, ila kila akipita mtu nyumbani alikuwa anamwambia, “Mimi niko getini na keki yangu, namngoja huyu.” Mwaka uliofuata wakamzika nyuma ya kanisa, na Goronwy alisimama kaburini akisikia neno hilo moja tu, namngoja.

Hayo alimwambia Hefin mara moja, wakiwa ndani ya gari, akitazama mbele. Hakuyarudia.

Halafu chamani pakazuka maneno kwamba Foel Gadlas pengine haufikishi thelathini. Ramani ya zamani ilisema hivi, mpya ikasema vile, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno. Ilibidi mtu aende akapime. Hefin alijitolea kabla mwingine hajafungua mdomo, na Goronwy akasema tutakwenda wote. Kwa hiyo leo kulikuwa na njia mbili tu za kumtua Goronwy mzigo wake: afike kileleni kwa miguu yake, au mlima wenyewe upungue uondolewe katika orodha, pasiwe na kitu alichomchelewesha mkewe. Hefin aliomba ya kwanza. Lakini moyoni, tangu wiki nzima, alikuwa ameanza kuipigia hesabu ya pili.

Emlyn, shemeji yake Goronwy, alichungulia dirishani na kikombe mkononi. “Mnakwenda kweli na hali hii?”

“Tunakwenda,” alisema Goronwy.

“Nikupeleke na pikipiki ya matairi manne mpaka shingoni?”

“Ukinipeleka na pikipiki nitakuwa nimepanda pikipiki, si mlima.”

“Haya. Mkifa, fungeni geti.”

Walipanda. Njia ya kondoo ilifuata ukuta wa mawe, ikaacha ukuta, ikaingia katika ndago na tope jeusi linalomeza kiatu na kukitema likijisikia. Goronwy alitembea kwa fimbo mbili, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Hefin alibeba mashine zote na bado alikuwa anajizuia asimwache nyuma, na kujizuia huko kulimchosha kuliko mzigo. Walisimama kila penye jiwe la kukalia. Mwanzo Goronwy alikuwa anatoa sababu: anatazama mwewe, anakaza kamba. Baadaye aliacha kutoa sababu, akawa anakaa tu, maji ya mvua yakimchuruzika puani.

“Tuimbe?” Hefin akauliza.

“Ukiimba nashuka.”

Adhuhuri ilikuwa imepita walipotokea shingoni. Palikuwa pahali papana pa ovyo, kinamasi kitupu na vidimbwi, uzio mbovu umepita katikati, upande huu bega la mlima mkubwa na upande ule Foel Gadlas umejifunika ukungu. Kilele kilikuwa pale pale. Mtoto angekimbia akakishika akarudi kabla chai haijapoa. Lakini palikuwa na mteremko mkali wa mawe na mashimo ya tope, na Goronwy aliutazama kwa muda mrefu, kisha akajishusha juu ya nguzo ya uzio iliyoanguka na kuvuta suruali juu. Goti lilikuwa limekuwa kama kichwa cha mtoto.

“Basi,” alisema. “Mimi mwisho wangu hapa.”

“Pumzika kwanza. Hatuna haraka.”

“Usinibembeleze, Hefin. Ningekuwa na la kupumzisha ningelipumzisha. Limekataa.” Akaufuta uso wake kwa mkono, na Hefin hakuweza kujua alichokuwa anakifuta. “Niachie mashine moja, nitapima shingo. Wewe nenda na nyingine juu. Mita thelathini tu, unaona? Tumekuja kuzipima, na ndizo hizo hizo zilizonishinda.”

Hefin alimmiminia chai, akamfunika na koti la akiba, akamwekea stendi. Ule mkate aliugusa ndani ya begi akauacha. Akampa kisogo akaanza kupanda kwa haraka, kama mtu anayekimbia msiba.

Juu hapakuwa na mtu wala mtazamo, ukungu tu na upepo. Kilele kilikuwa bapa la nyasi, na katikati yake jiwe moja pana, kongwe, limeota kutoka ardhini lenyewe, halikuwekwa na mtu. Kimo chake kilikuwa cha goti. Hapakuwa na la kubishana: sehemu ya juu kabisa ya Foel Gadlas ilikuwa mgongo wa jiwe hilo, na mashine ilipaswa kusimama juu yake.

Hefin alilitazama lile jiwe akalichukia.

Goti moja. Ramani zote zilikuwa zinagombana kwa chini ya hapo. Mashine ikisimama juu ya jiwe, huenda mlima ukabaki, na Goronwy arudi nyumbani na goti lake na deni lake kwa marehemu mpaka afe. Mashine ikisimama kwenye nyasi, hatua moja tu pembeni, mlima unapungua bila shaka yoyote, unafutwa, na mzee anamaliza orodha yake amekaa juu ya nguzo anakunywa chai. Nani ataumia? Jiwe? Hefin hakuwahi kudanganya kipimo hata cha kabati la jikoni. Alikuwa amelowa, amechoka, mgongo unamuuma, na alimpenda rafiki yake. Akaisimamisha mashine kwenye nyasi.

Desturi ya wapimaji ni kupiga picha za mashine kutoka kila upande, ili atakayebisha baadaye aone ilisimama wapi. Hefin alipiga za karibu: mashine, nyasi, ukungu. Kisha akakaa upande wa pili wa jiwe, upepo usimpige, akangoja saa nzima ambayo mashine huihitaji kuzisikiliza setilaiti zake. Hakunywa chai. Alijiambia mara nyingi kwamba ametenda jema, na kila alipojiambia likapungua kidogo.

Alipotelemka hakumwona Goronwy kwenye nguzo. Akaita.

“Huku!” sauti ikaitika, na ilikuwa sauti ya furaha.

Goronwy alikuwa katikati ya kinamasi, mbali na uzio, ameketi tumboni mwa tope kama kiboko, amelowa mpaka kwapani. Mashine ilikuwa imesimama mbele yake, miguu yake imetiwa mawe ya bapa isizame. Uso wake ulikuwa mweusi kwa matope, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anacheka.

“Wewe umefikaje huko na goti hilo?”

“Kwa matako! Sikiliza, njoo uone. Wale waliopima zamani walipima pale uzioni, pakavu, wasiloweshe soksi zao. Pale sipo! Tazama maji. Haya yanakwenda kwa Emlyn, haya yanakwenda upande wa pili, na hapa katikati yamesimama hayajui yaende wapi. Shingo lenyewe ndilo hili. Liko chini kuliko pale kwa zaidi ya shubiri, nimelishika kwa pimamaji.”

Hefin alisikia baridi ambayo haikuwa ya mvua. “Shingo likiwa chini zaidi,” alisema polepole, “mlima unaongezeka.”

“Si ndiyo maana yake? Ungefutwa kwa uvivu wa watu fulani wa soksi kavu. Mlima wa Eluned!” Goronwy alinyoosha mkono wenye tope. “Hebu nione picha za juu. Hilo jiwe alikuwa ananisimulia kila siku. Anasema pana kama benchi la kanisani, alikuwa analala juu yake akingoja kondoo. Lete.”

Hefin angeweza kusema simu imezimika kwa baridi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka mno kubeba wa pili, akampa simu.

Goronwy aliifuta kioo kwa kola ya shati. Alitazama picha ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

“Jiwe liko wapi?”

Hefin alichomoa kiatu chake kilichoanza kuzama topeni.

“Nakuuliza, Hefin. Jiwe liko wapi?”

“Pembeni.”

“Umeiweka kwenye nyasi.”

“Ndiyo.”

“Umekosea au umefanya?”

“Nimefanya.”

Kondoo alilia mahali fulani ndani ya ukungu. Goronwy aliirudisha simu bila kumtazama.

“Umenionea huruma.”

“Nilitaka umalize. Nilitaka uache kulia lia moyoni kila…”

“Nani kakuomba?” Sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ipande. “Nimepimia watu nyama maisha yangu yote. Wajane, walevi, watu walionitukana. Sijapata kuweka kidole kwenye mzani hata siku moja. Leo unaniwekea mimi kidole? Tena kwa mke wangu?”

“Nitarudi juu. Sasa hivi. Nitaiweka juu ya jiwe.”

“Nitajuaje?”

Hilo lilimchoma Hefin kuliko tusi. Alisimama hapo, mikono inaning’inia, akaona aibu kama hajapata kuona utu uzima wake wote.

“Nipe fimbo zangu,” Goronwy akasema. “Nitaiweka mwenyewe.”

“Goti…”

“Nipe fimbo!”

Sijui hasira ina mifupa gani, lakini ilimwinua. Alitoka kinamasini kwa mikono na magoti, akafika mteremkoni, akaanza. Penye majani alitembea. Penye mawe aligeuka akakaa, akajisukuma kinyumenyume, jiwe kwa jiwe, mguu mbovu umenyooka mbele kama ufagio. Hefin alifuata chini yake na mashine mgongoni. Kila aliponyoosha mkono kumsaidia, Goronwy aliusukuma. Katikati alisimama, akainamisha kichwa juu ya fimbo, mabega yanatetemeka, na Hefin alidhani sasa amekwisha. Akamsikia anajisemesha kwa jino: “Nyasi! Kwenye nyasi!” Akaendelea. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba mvua ilichoka kabla yao ikakoma.

Mteremko uliisha ghafla, na jiwe likawa mbele yao. Goronwy aliliendea akaliwekea viganja vyote viwili, kama anavyoshika mtu shavu la mgonjwa. Akakaa juu yake. Alikaa kidogo tu. Kisha akakumbuka kilichomleta, akainuka kwa kuugua, akapisha mashine.

“Pana kweli,” alisema.

Aliisimamisha mwenyewe, akaikagua kwa pimamaji, akapiga picha mwenyewe, kila upande, jiwe lote likionekana. Halafu ikaanza ile saa ya kungoja. Walikaa chini, huyu upande huu na huyu upande ule, kama ndugu waliogombea urithi.

Hefin aliona sasa au basi. Akautoa mkate, akaufungua taulo. “Umemaliza, Goronwy,” alisema. “Mlima ukibaki, umeupanda. Mlima ukifutwa, ndio hivyo hivyo. Vyovyote vile leo umemaliza orodha.”

Goronwy alitazama ule mkate na zabibu zake, akageuza uso.

“Ufunge.”

“Kipande tu.”

“Nimefika, ndiyo. Lakini nimechelewa, bwana. Yeye alikuwa getini ananingoja mpaka amekufa ananingoja. Kufika kwangu leo kunamsaidia nini? Ufunge, sina njaa.”

Hefin aliufunga. Upepo ulizungukazunguka pale juu. Kwa kitambo kifupi ukungu ulipasuka, wakaona bati la Blaen Gadlas chini kabisa linang’aa.

Kushuka sitaki hata kukusimulia sana. Mpanda mlima yeyote mwenye magoti mabovu atakwambia kwamba kupanda ni mchezo, kazi iko kwenye kushuka. Hefin alibeba mabegi yote, na mwishowe Goronwy alilazimika kumwekea mkono begani, kwa kuwa hapakuwa na bega jingine. Mkono huo ulikuwa mzito, umelowa, haukusema kitu. Walifunga geti. Emlyn aliwatolea supu ya kondoo na viazi, wakaila. Njiani Goronwy alilala, au alijifanya.

Mashine za aina hiyo hazitoi jawabu papo hapo. Lazima hesabu zipitishwe kwenye kompyuta, zilinganishwe na za vituo vingine, siku moja au mbili. Hefin alizipitisha. Alizipitisha tena. Alitoka nje akasimama bustanini na kurudi akazipitisha mara ya tatu, akitafuta kosa lake mwenyewe. Hakulipata.

Jawabu lilikuwa hili: kutoka shingo la kweli la Goronwy, pale kwenye maji yasiyojua pa kwenda, hadi mgongo wa jiwe la Eluned, hapafiki mita thelathini. Panapungua kwa upana wa kiganja.

Kwa hiyo kidole chake kwenye mzani hakikuwa na kazi. Haki yenyewe ingemfikisha palepale, wala asingemchukiza rafiki yake. Na yule mzee alijitambaza juu ya mawe kwa goti lile kwa ajili ya mlima usiokuwemo. Hefin alichukua funguo za gari kwa moyo mzito. Alikaribia mlangoni akarudi jikoni kuchukua mkate, bila kujua kwa nini.

Goronwy alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda, pakiti ya njegere za barafu juu ya goti. Hakusema karibu, lakini aliondoa gazeti kwenye kiti.

“Sema.”

“Haufikishi.”

“Juu ya jiwe?”

“Juu ya jiwe. Ile yako, si yangu.”

“Na shingo? Langu, si la uzioni?”

“Lako. Unapungua kwa kiganja hiki hapa. Nimerudia mara tatu.” Hefin aliketi. “Nisamehe. Umejiumiza bure. Ukitaka, sipeleki chamani. Nitasema mashine ililowa.”

“Utapeleka,” alisema Goronwy. “Usianze tena.”

Alikuwa anatazama njegere zake, na Hefin alimwona anafikiri, polepole, kama mtu anayejumlisha bei ya vipande vingi vya nyama kichwani. Midomo ilikuwa inamcheza.

“Mlima haukupungua juzi,” akasema mwishowe.

“Vipi?”

“Nasema haukupungua juzi tulipoupima. Umekuwa mfupi siku zote. Siku tuko Craig Lwydan na Eluned, ulikuwa mfupi vile vile.”

“Bila shaka.”

“Basi haumo. Haukuwemo kamwe.” Akainua macho, na yalikuwa yamejaa. “Hefin, si ndiyo kusema siku ile nilikuwa nimemaliza? Pale Craig Lwydan. Mvua ile, yeye ananigombeza mkate umelowa. Tulimaliza siku moja, saa moja, mimi na yeye tumeshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Wala hatukujua.”

Hefin aliliweka taulo la mkate mapajani mwake.

“Hakuwa ananingoja,” Goronwy akasema. Alilisema tena, kwa sauti ndogo, kulionja. “Alidhani ananingoja. Kumbe hakuwa ananingoja.”

Akalia, mtu mzima yule, viganja vikubwa vimefunika uso, na pakiti ya njegere ikaanguka chini. Hefin aliiokota akairudisha juu ya goti, akaishikilia hapo.

Baada ya muda Goronwy alipangusa uso kwa mkono wa sweta akatazama taulo lililokuwa mapajani mwa mwenzake.

“Ni ule ule wa juzi?”

“Ule ule. Umekauka kidogo.”

“Kisu kipo kwenye droo ya juu,” alisema. “Kata vitatu.”